Kivu ya Kusini: Mbali na dhahabu, udongo wa Luhwindja unaweza kuficha nini?

LUHWINDJA – Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya milima, kuna watu wanaoshuka ndani ya ardhi ya Luhwindja. Wanashuka na tochi kichwani, nyundo na patasi mkononi, katika mashimo yaliyozuiliwa kwa miti ili yasiwaangukie. Juu wanabaki wamama wanaotwanga mawe na vijana wanaobeba mifuko. Wote wanatafuta dhahabu.

Usultani huu wa teritware ya Mwenga, kilomita karibu 45 kusini ya Bukavu ukipima kwa mstari ulionyoka, umejulikana kwa kazi hiyo tangu wakati wa Wabelgiji. Kampuni MGL iliosha mchanga wa mto Mwana. Ikafuata SOMINKI. Kisha ikaja Banro ya Canada, iliyomwaga dhahabu yake ya kwanza ya Twangiza katika mwezi wa kumi mwaka wa 2011. Kilima kikakatwa kwa mashini, na familia zikahamishwa kwenda Cinjira. Kati ya mashini ya kampuni na nyundo ya mchimbaji wa mikono, udongo mwingi sana umegeuzwa hapa.

Kuhusu dhahabu hiyo tumekwisha kuandika mengi: nani anaichimba, nani anaiuza, nani ananyimwa. Leo tuangalie kitu kingine. Mbele ya kufikia jiwe lenye dhahabu, mchimbaji anapita katika udongo ambao watu waliishi juu yake kwa mamia na maelfu ya miaka. Kama ndani yake kuna kitu cha watu wale, yeye ndiye wa kwanza kukiona. Na mara nyingi ndiye wa mwisho.

Mahandaki ya wezi nje ya Pompeii

Kuna mahali Ulaya ambapo habari kama hii ilitokea, tena karibuni. Ni Italia, nje kidogo ya mji wa kale wa Pompeii.

Sisi watu wa Kivu hatuhitaji kuelezwa sana mlima wa moto ni nini. Tuliona Nyiragongo ikishuka Goma tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, tukaiona tena tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Pompeii ulikuwa mji wa Warumi chini ya mlima wa namna hiyo, Vesuvio. Mwaka wa 79 baada ya Yesu mlima ule ulilipuka, lakini haukutoa lava inayotambaa. Ulimwaga majivu na mawe mepesi, mpaka nyumba zikafunikwa na watu wakafia ndani. Mji ukasahauliwa. Kazi ya kuufukua ilianza mwaka wa 1748, na mpaka leo haijaisha.

Mita karibu 700 nje ya ukuta wa mji ule kuna mahali panapoitwa Civita Giuliana. Palikuwa na nyumba kubwa ya tajiri mmoja, pamoja na mashamba yake, farasi wake na watumwa wake. Wa kwanza kuifikia katika miaka yetu hawakuwa wataalamu. Walikuwa wezi wa vitu vya kale. Walichimba mahandaki chini ya ardhi, wakapita ndani ya kuta, wakatoa walichoweza kuuza. Ni polisi na mwendesha mashitaka wa Torre Annunziata walioshtuka, wakaungana na wakubwa wa Pompeii, na kuanzia mwaka wa 2017 waakiolojia, yaani wataalamu wanaochimba ili kujua maisha ya watu wa zamani, wakaanza kufukua mahali pale polepole.

Yale waliyoyapata yalishangaza dunia. Mwaka wa 2018 walikuta farasi katika zizi lao. Mwaka wa 2020 walikuta wanaume wawili waliokufa wakikimbia, mmoja kijana anayefikiriwa kuwa mtumwa, mwingine mtu mzima, pengine bwana wake. Mwanzoni mwa 2021 likatokea gari la sherehe la magurudumu manne, lenye mapambo ya shaba nyeusi. Mahandaki ya wezi yalikuwa yamepita kando yake. Wangekata upande kidogo tu, lile gari lingekuwa vipande vipande sokoni.

Lakini kitu kinachonigusa zaidi si gari lile. Ni chumba kimoja kilichopatikana mwishoni mwa 2021. Ni kidogo, meta 16 za mraba. Ndani kulikuwa vitanda vitatu vya mbao na kamba, na kimoja kilikuwa kifupi, cha meta 1 na sentimeta 40, labda cha mtoto. Hapo walilala watumwa, katikati ya mitungi na vyombo vya farasi, na dirisha moja dogo juu. Hakuna mwandishi yeyote wa Roma aliyekaa chini kueleza kitanda cha mtoto wa mtumwa. Majivu ndiyo yaliyotunza habari hiyo. Mwizi wa handaki asingeiona, kwa sababu kitanda kilichooza hakina bei.

Yaani, shimo la mwizi na shimo la mwakiolojia yanapita katika udongo uleule. Mmoja anatoka na kitu cha kuuza, na nyuma yake hakuna tena habari. Mwingine anaweza kutoka bila kitu cha thamani hata kidogo, lakini anajua nani alilala wapi.

Wakati ule, hapa kwetu

Mtu atasema: Pompeii ni Pompeii, hapa kwetu kulikuwa pori tu. Maneno hayo tuliyafundishwa, na si kweli.

Wakati Warumi walipokuwa wakijenga miji yao, katika milima inayozunguka maziwa yetu makubwa kulikuwa tayari wakulima waliojua kuyeyusha chuma na kufinyanga nyungu nzuri sana. Wataalamu wanaita kazi yao ya udongo kwa jina la Urewe, mahali pa Kenya ambapo nyungu za namna hiyo zilielezwa kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1940. Zimepatikana kando ya ziwa Victoria, Buhaya ya Tanzania, Rwanda, Burundi, na huku kwetu Kivu. Huko Buhaya, matanuru ya chuma yanafikia zaidi ya miaka 2,000. Huko Rwanda na Burundi, mengi yaliyopimwa ni ya karne za kwanza baada ya Yesu, wakati uleule wa makaisari wa Roma.

Upande wa Kivu, waliofanya kazi hiyo kwanza ni Jean Hiernaux na Jacques Maquet, wakiwa katika utumishi wa IRSAC, ile taasisi ya utafiti ambayo majengo yake makubwa ya Lwiro, katika teritware ya Kabare, kila mtu wa Bukavu anayajua. Walichapisha matokeo yao kwa Kifaransa mwaka wa 1957 na 1960, wakitaja mahali kama Tshamfu na Bishange. Si mashimo makubwa, wala hawakukuta kasri la mfalme. Walikuta vigae. Lakini vigae hivyo vina alama zake: mdomo wa nyungu umekatwa pembe kwa ustadi, shingoni kuna mistari iliyochorwa sawasawa, na chini kabisa, kwenye kitako, kuna kijishimo kidogo kama vile mfinyanzi alibonyeza kwa kidole gumba mbele ya kuiweka motoni. Nyungu moja ya Kivu na nyingine ya kando ya Victoria, mamia ya kilomita mbali, na kijishimo kilekile. Mikono ile ilifundishana.

Chuma nacho hakikuwa mchezo. Ili kukipata, mtu alihitaji kujua jiwe lipi lina chuma ndani yake, akate miti mingi na kuchoma makala, ajenge tanuru la udongo, aweke mirija ya udongo chini, kisha watu wavute mivukuto kwa saa nyingi mpaka moto upite digrii 1,000. Rwanda, baadhi ya matanuru hayo yalijengwa kwa matofali ya udongo yaliyochorwa mapambo. Fikiria: mtu anapamba tofali ambalo anajua litaungua. Hiyo ni alama kwamba kuyeyusha chuma kulikuwa pia heshima, labda hata ibada.

Kazi ikiisha, tanuru linavunjwa ili kutoa chuma. Kinachobaki chini ni uchafu mzito, mweusi, wenye matundu kama mkate, ambao Waswahili wanauita mavi ya chuma. Mvua haiuozeshi, na hauna bei. Unaweza kukaa pale miaka 2,000, ukimsubiri mtu anayeutambua. Mtu wa Bushi hapaswi kuona jambo hili kama la ugenini. Kaziba, karibu na Luhwindja, imejulikana tangu zamani kwa wafua vyuma wake, na jembe lililofuliwa kijijini liliwahi kulipa mahari mbele ya franga kufika.

Makaburi ya Sanga

Kama unataka kuona kaburi la kale linaweza kusema nini katika inchi hii yetu, twende kusini, kando ya ziwa Kisale, katika bonde la Upemba. Leo ni jimbo la Haut-Lomami. Mahali panaitwa Sanga.

Mwaka wa 1957, Jacques Nenquin alichimba pale makaburi ya kale. Mwaka uliofuata kazi iliendelea. Na mwaka wa 1974 Pierre de Maret alirudi pamoja na wenzake, akapanua utafiti hadi sehemu nyingine za bonde. Pale Sanga peke yake, zaidi ya makaburi 100 yamefunguliwa. Yamewekwa juu ya mengine, karne juu ya karne, na kwa sababu yalichimbwa kwa mpango, wataalamu waliweza kusoma karibu miaka elfu moja ya maisha ya watu walewale mahali palepale, kuanzia karne ya 7 au ya 8 hivi.

Wavuvi na wakulima wale walizika watu wao na nyungu nyingi, zana za chuma, mapambo ya shaba na ya pembe za ndovu. Jambo moja la ajabu: katika wakati ambao wataalamu wanauita Kisale, nyungu za kaburi zilifuata umri wa marehemu. Mtoto mdogo alizikwa na nyungu ndogo, mkubwa na kubwa. Mtu fulani alikaa chini akafinyanga seti nzima ya vyombo vidogo kwa ajili ya mtoto aliyekufa. Kipimo hicho cha huzuni hakikuandikwa mahali popote isipokuwa katika udongo.

Katika kaburi moja walikuta shoka la sherehe lililopambwa, na chuma kile ambacho mhunzi anapigia juu yake. Ni vitu ambavyo, karne nyingi baadaye, wafalme wa Waluba walivibeba kama alama za utawala. Kwa hiyo mizizi ya ufalme ule ni mirefu kupita yale ambayo wazungu waliandika walipofika.

Kisha, misalaba ya shaba. Shaba haipatikani Kisale; ilitoka kusini zaidi, kwenye mkanda wa shaba wa Katanga. Katika makaburi ya zamani kidogo, msalaba ni mmoja, umewekwa kifuani. Katika makaburi ya baadaye, kuanzia karne ya 16 hivi, misalaba ni midogo, mingi, inayofanana kwa ukubwa, na imewekwa karibu na mikono au kiunoni, kama vile mtu anavyoshika pesa au kuzifunga mfukoni. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba palikuwa na pesa, na ziligeuka namna gani. Angalia vizuri: si msalaba wenyewe uliofundisha hivyo. Msalaba mmoja mkononi mwa mchuuzi, aliyeutoa bila kuandika kitu, ni kipande cha shaba tu. Kilichofundisha ni mahali ulipokuwa, kifuani au kiunoni, na ni kaburi gani lililokuwa juu ya lingine.

Makala na tabaka

Mtu akiwaona waakiolojia kazini kwa mara ya kwanza anaweza kucheka. Wanafunga kamba wakigawa ardhi katika miraba. Wanakwangua kwa mwiko wa mwashi na brashi, sentimeta chache kwa siku. Udongo wote unapita katika kichujio, karibu kama mchimbaji wa Mwana anavyochuja mchanga wake, isipokuwa wao wanatafuta mfupa wa samaki, ushanga, mbegu. Wanachora na kupiga picha kila hatua, kwa sababu wanajua wanaharibu. Tabaka likisha kuondolewa halirudi.

Kitu wanachokipenda kupita dhahabu ni makala. Mti ukiwa hai unapokea kutoka hewani aina fulani ya kaboni inayopungua yenyewe. Mti ukikatwa, haupokei tena, na ile iliyomo inaendelea kupungua, nusu yake ikitoweka kila miaka 5,730 hivi. Ukipima kiasi kilichobaki katika kipande cha makala, unajua mti ulikufa lini. Kwa hiyo kipande cha makala kilichotoka chini ya mavi ya chuma kinaweza kutoa karne ya tanuru lile. Lakini ni lazima kitoke chini ya mavi ya chuma kweli. Kama beleshi imechanganya udongo wa juu na wa chini, makala ya leo ya mtu aliyepika fufu yake pale shimoni yanaweza kuwa pamoja na ya miaka 2,000, na hakuna mashini duniani itakayosema tena kipande kipi kilikuwa chini ya mavi ya chuma.

Ndiyo sababu haiwezekani kusema: tuchimbe kwanza dhahabu, historia tutaitafuta baadaye.

Nani atasimamisha nyundo?

Sasa turudi Luhwindja, na tuseme ukweli. Tuseme kijana anafungua shimo jipya kwenye kando ya kilima. Amekopa pesa za chakula kwa PDG wa shimo, ana bibi na watoto, ana deni la masomo. Kwenye meta moja anakuta vigae na donge jeusi zito. Je, atasimama? Hatasimama. Atatupa upande na kuendelea. Hakuna mtu aliyemwambia vile ni nini, na hakuna mtu atakayemlipa siku aliyopoteza. Kumlaumu yeye ni rahisi sana, na hakusaidii kitu.

Sheria, zipo. Ile ya tarehe 15 mwezi wa tatu 1971 kuhusu ulinzi wa mali ya utamaduni inataka anayevumbua kitu cha kale ajulishe serikali, na inakataza watu kuchimba vitu hivyo bila ruhusa. Sheria ya madini ya mwaka wa 2002, iliyogeuzwa mwaka wa 2018, nayo ina vifungu juu ya jambo hili: mwenye kibali cha madini akikuta mabaki ya kale hana haki ya kuyahamisha hivihivi, anapaswa kujulisha wakubwa kwa maandishi. Soma vizuri: mwenye kibali. Inazungumza na kampuni, yenye ofisi, mwanasheria na karatasi zenye muhuri. Kijana wa nyundo hayumo katika sentensi hiyo, ingawa yeye na wenzake kwa maelfu ndio wanaogusa udongo wa juu kila siku.

Na kwa kampuni kuna swali la kuuliza ambalo sisi waandishi hatuliulizi vya kutosha. Kampuni inapoleta kitabu chake kikubwa cha madhara kwa mazingira, tunatafuta kurasa za mito, za sianidi, za fidia ya mihogo na nyumba. Ni sawa, ndiyo maisha ya watu. Lakini katika vitabu vya namna hiyo kunapaswa kuwa pia sehemu ya mali ya utamaduni: makaburi, mahali pa ibada ya mababu, alama za makao ya kale. Nani alitembea juu ya kilima kuvitafuta, kwa siku ngapi, akiongozwa na mzee gani wa kijiji? Kilima kikisha kuondolewa, hakuna tena mahali pa kurudia.

Kuhusu makaburi, jambo ni zito zaidi, na hapa wataalamu nao si malaika. Mwaka wa 1969, jirani yetu Rwanda, Francis Van Noten alifungua kaburi la mfalme Cyirima Rujugira. Maiti ya mfalme yule ilikuwa imekaushwa na kutunzwa kwa muda mrefu kufuatana na desturi, ikazikwa tu wakati wa ukoloni. Pamoja naye walikuta vyuma vizito vya mhunzi, alama ya ufalme. Elimu ilipatikana. Hata hivyo, mtu wa Bushi anayejua jinsi mwami anavyozikwa hapa kwetu, na siri zinazozunguka mazishi yale, atauliza kama elimu inatosha kufungua kaburi. Leo, duniani kote, jibu linakwenda upande mmoja: wenye wafu wao waulizwe kwanza, na wakikataa, watu waondoke.

Vigae havina karte ya uchaguzi

Kuna woga mwingine, na katika mashariki ya Congo lazima utajwe kwa jina. Kila mara habari ya watu wa kale inapoguswa hapa, mtu anataka ithibitishe kwamba kabila lake lilifika mbele ya lingine. Kisha inakuwa habari ya nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, na tunajua inaishia wapi.

Akiolojia ni shahidi mbaya sana kwa kesi hiyo. Kigae cha Urewe hakisemi aliyekifinyanga aliongea mashi, kilega, kifuliiru au lugha iliyokufa kabisa. Hakina karte ya uchaguzi. Mtindo uleule wa nyungu unapita juu ya mipaka ya Congo, Rwanda, Burundi, Uganda, Tanzania na Kenya, ambayo yote imechorwa juzi tu. Wanaotaka kukitumia kama silaha watalazimika kwanza kukinyamazisha. Mimi naona hiyo ni sababu ya kuvitunza vigae, si ya kuviogopa.

Swali la mwisho ni vitu vikitoka, vinakwenda wapi. Mfano tunao kaskazini yetu. Mwaka wa 1950, pale Ishango, mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, Jean de Heinzelin alipata mfupa mdogo wa sentimeta 10 hivi, wenye kipande cha jiwe kwenye ncha na mistari iliyokatwa katika safu tatu. Hesabu mistari ya safu: 60, 60, na 48. Una miaka 20,000 hivi, na wanahesabu wa dunia nzima wanauzungumzia mpaka leo. Mtoto wa Kivu akitaka kuuona kwa macho yake, aombe viza: uko Brussels.

Mambo yameanza kusogea. Katika mwezi wa pili 2022 Ubelgiji ilimkabidhi waziri mkuu wa Congo orodha ya vitu karibu 84,000 vilivyo katika makumbusho yao ya Tervuren. Mwaka uleule ikapitisha sheria ya kurudisha. Kinshasa ina makumbusho mpya ya taifa tangu 2019, iliyojengwa kwa msaada wa Korea Kusini. Lakini kutoka Luhwindja, Kinshasa ni mbali karibu kama Brussels. Hata barabara hakuna, ni ndege. Kigae cha Mwenga kikipatikana kesho, kinahitaji meza, kabati na mtu wa kukiandika hapa Bukavu au Lwiro, si hotuba.

Kwa sasa, kuna kitu ambacho hakidai bajeti yoyote. Mwalimu, mkulima au mchimbaji akikuta rundo la vigae vilivyochorwa, mirija ya udongo iliyoungua, au mavi ya chuma yaliyorundikana mahali ambapo hakuna mzee anayekumbuka mhunzi, asiyatoe. Ayaache palepale, aweke beleshi au kalamu kando yake ili ukubwa uonekane, apige picha kwa simu, picha moja ya karibu na nyingine inayoonyesha kilima. Aandike jina la kijiji na tarehe. Amwambie mukubwa wa kijiji, na kama kuna mwanafunzi wa historia wa ISP Bukavu katika familia, ampe. Picha hiyo haitazuia shimo. Lakini shimo likiisha kupita, itakuwa ndiyo karatasi pekee inayosema kwamba, juu ya kilima kile, watu walikaa.